Kupanda Mera Peak kule Nepal: mambo ya kupanga mbele ya safari

Kila mwaka, mwezi wa tano ukifika, habari za milima ya Himalaya zinasikika mpaka Kivu na Ituri: watu wamefika juu ya Everest, wengine wamekufia njiani. Everest, wenye Wanepali wanauita Sagarmatha, si mlima wa mtu anayeanza. Lakini Nepal iko na milima mingine mirefu yenye mtu wa afya nzuri anaweza kupanda akiwa na gide, hata kama hajazoea sana barafu. Unaojulikana kuwa mrefu kuliko yote katika kundi hilo ni Mera Peak, mita 6,476.

Jina la Nepal si geni mashariki ya Congo. Wakaaji wa Ituri waliwaona askari wa Nepal wenye kofia za bluu katika MONUC, kisha MONUSCO. Na kazi ya kupandisha wageni mlimani inajulikana pia: kule Mutwanga, chini ya Rwenzori, na juu ya Nyiragongo, vijana wamebeba mizigo ya wageni na kuwaonyesha njia miaka na miaka. Kwa hiyo mambo ya Mera yanamfaa hata mtu mwenye hatafika kule siku yoyote. Yanaonyesha kazi hiyo inavyopangwa mahali penye imekuwa chakula cha maelfu ya familia, na namna inaua watu kama inapangwa vibaya.

Mera ni mlima gani

Mera iko katika wilaya ya Solukhumbu, mashariki ya Nepal, kusini ya Everest, juu ya bonde la mto Hinku. Watu wa kwanza kufika juu walikuwa Jimmy Roberts, ofisa wa jeshi la Uingereza, na Sen Tenzing, Sherpa, tarehe 20 mwezi wa tano 1953. Roberts hakuwa amekuja kwa ajili ya Mera. Kazi yake ilikuwa kupeleka chupa za oksijeni kwa kundi la Waingereza waliokuwa wanajaribu Everest. Akamaliza kazi, akaenda kutembea milimani. Siku tisa kisha Mera, Hillary na Tenzing Norgay wakafika juu ya Everest. Mwaka 1964, Roberts huyo huyo alifungua Mountain Travel, ajansi ya kwanza ya kutembeza wageni katika milima ya Nepal.

Siku ikiwa safi, mtu akisimama juu ya Mera anaona milima mitano yenye kupita mita 8,000: Everest, Lhotse, Cho Oyu, Makalu na Kangchenjunga.

Jina "mlima wa matembezi" linadanganya

Katika karatasi za Nepal, Mera iko katika orodha ya milima yenye inaitwa ya matembezi, yenye inasimamiwa na Nepal Mountaineering Association (NMA), shirika lililoanzishwa mwaka 1973. Jina hilo linawapotosha watu. Linaonyesha tu kwamba kupata ruhusa ni rahisi kuliko kwa milima mikubwa ya mita 8,000. Halisemi kwamba unapanda kwa sandali.

Juu ya Mera kuna barafu ya milele, na ndani ya barafu kuna nyufa zenye zinaweza kumeza mtu mzima. Zingine zimefunikwa na theluji, hazionekani. Ndiyo maana watu wanatembea wamefungwa kamba moja, gide mbele. Kweli, mteremko wenyewe si mkali sana ila mwisho kabisa, karibu na kilele. Kinachofanya Mera iwe ngumu ni urefu wake. Kwa kulinganisha: Goma na Bukavu ziko karibu mita 1,500. Kilele cha Nyiragongo ni mita 3,470. Margherita, kilele cha Rwenzori penye mpaka wa Congo na Uganda, ni mita 5,109. Kambi ya mwisho ya Mera, fasi ya kulala tu, iko karibu mita 5,800. Mtu analala juu kuliko Margherita kwa mita karibu 700, na kesho yake anapanda tena.

Majira ya kwenda

Kuna vipindi viwili vizuri: mwezi wa nne na wa tano, na mwezi wa kumi na wa kumi na moja. Toka mwezi wa sita mpaka wa tisa ni mvua kubwa ya masika ya Asia. Njia zinateleza, mawingu yanaziba, ndege hazina uhakika. Kipindi cha baridi kinakuwa na anga safi, lakini baridi na upepo vinawashinda wengi.

Hata majira mazuri hayana ahadi. Mwezi wa kumi 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud kilichotoka bahari ya India yalifika Nepal katikati ya majira ya wageni. Theluji nyingi ilianguka eneo la Annapurna, na watu zaidi ya 40 walikufa, wageni pamoja na Wanepali. Ilitokea wakati wenye kila kitabu cha safari kinasema hali ya hewa ni nzuri. Kwa hiyo mpango wa Mera ni lazima uwe na siku za akiba, na gide mwenye anafuata taarifa ya hali ya hewa kila siku.

Karatasi na ruhusa

Viza ya Nepal wageni wengi wanaipata wakifika kwenye uwanja wa ndege wa Kathmandu: dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, dola 125 kwa siku 90. Kwa Mera, siku 15 hazitoshi, chukua 30. Lakini raia wa nchi kadhaa za Afrika ni lazima waombe viza mbele ya kusafiri. Mkongomani aulize ubalozi wa Nepal wenye unahusika naye mbele ya kununua tiketi, kisha aangalie pia viza ya kupita katika nchi zenye ndege inasimama. Karatasi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe nyumbani.

Kisha kuna ruhusa ya kupanda mlima wenyewe. Haipewi mtu peke yake mkononi: inaombwa na ajansi iliyoandikishwa Nepal, na kundi ni lazima liwe na gide mwenye kibali. Kwa miaka mingi bei ya Mera ilikuwa dola 250 kwa mtu mmoja majira ya mwezi wa tatu mpaka wa tano, dola 125 majira ya mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, na dola 70 wakati mwingine wa mwaka. Mwaka 2025 Nepal ilipandisha malipo ya milima yake. Ya Everest peke yake ilitoka dola 11,000 ikafika 15,000. Kwa hiyo ajansi iandike bei ya leo, si ya zamani. Juu ya hiyo kuna ruhusa ya mbuga ya Makalu Barun na ya serikali ya mtaa. Toka mwezi wa nne 2023, Nepal ilitangaza pia kwamba mgeni anayetembea milimani awe na gide mwenye kibali, hata kama hapandi kilele.

Kuchagua ajansi

Kathmandu, hasa mtaa wa Thamel, imejaa ajansi. Kwa Mera, ajansi ya pale pale mara nyingi inaomba kati ya dola 2,000 na 3,500 kwa mtu, bila tiketi ya ndege ya kutoka kwenu. Zile za Ulaya na Marekani zinaomba zaidi. Bei ya chini sana ni alama ya kuuliza. Ndege, ruhusa na chakula haviwezi kushuka bei sana, basi kinachokatwa ni siku za kuzoesha mwili, mshahara wa wabebaji, ao vifaa vya uokozi.

Mbele ya kulipa, omba majibu ya maandishi kwa maulizo haya:

– Safari ni siku ngapi, na siku ngapi kati yake ni za kupumzika na za akiba? 
– Gide wa kilele eko na kibali cha NMA? Ameishapanda Mera mara ngapi? 
– Gide mmoja anaongoza watu wangapi siku ya kilele? 
– Kambi iko na chupa ya oksijeni, simu ya satelaiti, ao mfuko wa hewa wa kumtia mgonjwa ndani? 
– Wabebaji wanabeba kilo ngapi, wanalala wapi, na nani anawalipia bima? 
– Kama ndege haikuruka ao mtu amegonjwa, nani analipa nini?

Ajansi nzuri inajibu bila kukasirika. Yenye inajibu "usiwe na wasiwasi" bila namba hata moja, achana nayo.

Njia, siku kwa siku

Safari nzima kutoka Kathmandu na kurudi ni karibu siku 16 mpaka 20. Inaanza na ndege ndogo ya kwenda Lukla, mita 2,860. Uwanja wa Lukla uko na barabara ya ndege yenye urefu wa mita 527 tu, imeinama kwenye mteremko, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine. Ndege inaruka kama rubani anaona. Wingu likikaa, watu wanakaa. Wakati wageni ni wengi, ndege nyingi zinatokea Ramechhap badala ya Kathmandu, basi kuna saa kama nne ao tano za gari usiku mbele ya kuruka. Mizigo inapimwa: kilo 15 hivi kwa mtu.

Toka Lukla kuna njia mbili. Ya kwanza inakata moja kwa moja kupitia Zatrwa La, kipito cha mita 4,600. Ni fupi, lakini mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi anajikuta mita 4,600 mbele mwili haujazoea. Ya pili inazunguka kusini kupitia Paiya na Pangom, katika misitu, inachukua siku zaidi, na inapandisha polepole. Kama mpango wa ajansi unakupitisha Zatrwa La siku ya pili ao ya tatu, omba ubadilishwe. Wakati wa kurudi haina shida, sababu mwili umekwisha kuzoea.

Njia zote mbili zinakutana Kothe, karibu mita 3,600, chini ya bonde la Hinku. Kisha Thangnak, mita 4,350, penye kunatakiwa siku ya pili ya kulala. Juu ya Thangnak kuna ziwa Sabai Tsho. Tarehe 3 mwezi wa tisa 1998 ukingo wa ziwa hilo ulivunjika, maji yakashuka bonde lote na mawe. Alama yake kando ya mto inaonekana mpaka leo. Kisha Khare, mita 5,045, kijiji cha mwisho chenye nyumba za wageni. Khare ni karibu urefu wa Margherita. Pale kundi linakaa siku mbili kwa mazoezi ya kamba na vyuma vya barafu. Toka Khare watu wanapita Mera La, mita 5,415, wanaingia kwenye barafu, wanafika kambi ya juu.

Hewa nyepesi ndiyo adui

Karibu mita 5,500, oksijeni ni nusu ya ile ya pwani. Juu ya Mera inakuwa chini ya nusu. Mwili unaweza kuzoea, lakini unataka siku. Kanuni yenye waganga wa milima wanapendekeza ni hii: ukipita mita 3,000, fasi ya kulala usiipandishe kupita mita 500 kwa usiku mmoja, na kila siku tatu ao nne upumzike siku moja. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, ila urudi kulala chini.

Alama za kwanza za ugonjwa wa kimo: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi, kuchoka kupita kiasi. Hapo mtu asipande tena mpaka apone. Kama hali inazidi, ashuke. Alama za hatari ni zingine. Mtu anayumba kama mlevi wakati hajakunywa, anasema maneno yasiyoeleweka: ubongo umevimba. Ao anakosa pumzi hata akiwa amekaa, anakohoa povu ao damu: mapafu yamejaa maji. Hali hizo mbili zinaua kwa saa chache. Dawa yake ya kwanza ni kushuka mara moja, hata usiku, hata kama mvua, na mtu wa kumsindikiza. Oksijeni na dawa vinasaidia, lakini havichukui nafasi ya kushuka. Kuna dawa ya kuzuia yenye inaitwa acetazolamide. Daktari ndiye anaamua kama inakufaa na kipimo gani. Dawa za usingizi na pombe ziachwe chini.

Kijana mwenye nguvu asijidanganye. Ugonjwa huu hauchagui mwenye misuli. Mara nyingi unampata kijana mwenye haraka, mwenye anaficha kichwa kinamuuma ili asiachwe nyuma.

Wabebaji ni watu wa safari

Wageni wengi wanafikiri kila Mnepali anayebeba mzigo ni Sherpa, na kwamba hasikii baridi wala hewa. Makosa mawili. Sherpa ni kabila, si jina la kazi. Mababu zao walitoka Tibet, na damu yao imezoea urefu kwa vizazi vingi. Lakini wabebaji wengi wa njia ya Mera ni watu wa makabila mengine, kama Warai, kutoka vijiji vya chini penye wanalima mahindi na mtama. Wakifika mita 5,000, wanaugua sawasawa na mgeni. Tofauti ni kwamba mgeni eko na koti ya manyoya, viatu vizito na bima.

Mwaka 1997 kijana mmoja mbebaji aliugua ugonjwa wa kimo, akaachwa arudi chini peke yake, akafa. Kifo chake kilifanya watu waanzishe shirika la International Porter Protection Group. Mashauri yake ni ya wazi: mbebaji apewe nguo, viatu na miwani ya kulingana na urefu, awe na fasi ya kulala na chakula, matunzo yake yawe sawa na ya mgeni, akiugua asishushwe peke yake, na mshahara wake usikatwe, mzigo usipite nguvu zake. Nepal inapima kilo 30 kuwa mwisho, na juu zaidi inafaa kupunguza.

Mgeni anaweza kufanya mambo matatu bila kugombana. Kwanza, aangalie mzani unapofanywa asubuhi ya kwanza. Pili, jioni aulize wabebaji wanalala wapi, aende kuona. Tatu, bakshishi ampe kila mtu mkononi, mbele ya kundi lote, isipitie mkono wa mtu mmoja. Vijana wa Mutwanga wenye wamebeba mizigo ya Rwenzori watajua maana ya hiyo ya tatu.

Bima na helikopta

Bima, ile watu wanaita asiransi, ni lazima iandike wazi kwamba inalipa uokozi kwa helikopta mpaka mita 6,500, na kwamba kupanda kwenye barafu kwa kamba imo ndani. Bima nyingi za safari zinakoma mita 4,000 ao 5,000. Mwenye nayo anagundua akiwa amelala Khare. Helikopta inagharimu maelfu ya dola, haifanyi kazi usiku wala ndani ya wingu.

Kuna jambo lingine. Mwaka 2018 serikali ya Nepal ilichunguza udanganyifu wa helikopta: wageni wenye ugonjwa mdogo walikuwa wanaogopeshwa waite helikopta isiyohitajika, kisha bima inalipishwa bei ya juu, na watu wanagawana. Kwa hiyo namba ya simu ya bima iwe mfukoni, na wao waulizwe mbele ya helikopta kuitwa, isipokuwa mtu eko katika hatari ya kweli. Hapo ni kuokoa kwanza, karatasi baadaye.

Vifaa na mazoezi

Vya lazima: viatu vya tabaka mbili, kramponi (vyuma vyenye meno vya kufunga chini ya kiatu), piole (shoka dogo la barafu), mkanda wa kiunoni wa kufungia kamba, kofia ngumu, miwani ya jua ya giza, mfuko wa kulalia wa kuvumilia baridi ya chini ya nyuzi 20 ya sifuri, na glavu za aina mbili. Bila miwani, mwangaza wa theluji unachoma macho kwa siku moja. Vyombo vya barafu vinaweza kukodiwa Kathmandu ao Khare, lakini viatu vijaribiwe mbele, na soksi zake.

Mazoezi yaanze miezi minne ao sita mbele: kupanda vilima na mzigo mgongoni mara tatu kwa juma, kisha siku moja ndefu ya saa sita ao saba. Miguu yenye nguvu haizuii ugonjwa wa kimo, lakini mtu asiyechoka anafikiri vizuri.

Siku ya kilele

Watu wanaamka saa saba ya usiku, wanaondoka karibu saa nane, taa kwenye paji la uso. Upepo na baridi vinaweza kushuka chini ya nyuzi 20 ya sifuri. Toka kambi ya juu mpaka kilele ni mita karibu 700 za kupanda, saa tano mpaka nane, kisha kushuka siku hiyo hiyo mpaka Khare. Hapo ndipo ajali nyingi za mlimani zinatokea: wakati wa kushuka, mtu akiwa amemaliza nguvu zote kwa kupanda.

Kwa hiyo saa ya kurudi inapangwa jioni ya mbele, watu wote wakiwa bado na akili safi. Kwa mfano: saa nne ya asubuhi ikifika, popote penye kundi liko, linageuka. Ikiwa imebaki mita 50, linageuka. Neno la mwisho ni la gide, na mgeni akubali hivyo mbele ya kuvaa kramponi, hata kama yeye ndiye amelipa. Mpango uwe pia na siku moja ya akiba pale Khare: kama upepo umekataa leo, kundi lijaribu kesho, bila mtu kusukumwa na tarehe ya tiketi ya ndege.